Jiwe lenye mistari: tunajuaje kama ni mchoro au ni mkwaruzo tu?

Watu wakionyeshwa picha ya lile jiwe la Blombos swali huwa moja tu, "sasa hapa mchoro uko wapi?", na mimi naona ni swali zuri sana, tena ndo hilohilo ambalo wataalamu wenyewe wanalala nalo na kuamka nalo. Jiwe lenyewe ni kipande cha ngeu, hii ngeu nyekundu ambayo mafundi seremala wa zamani walipigia mistari kwenye mbao, kinaingia vizuri ndani ya kiganja, na upande mmoja ulisuguliwa kwanza ukawa laini, alafu ukachanjwa mistari ya mshazari inayokatana, kisha mingine mirefu ikapitishwa juu, katikati na chini. Kilichimbwa kwenye pango la Blombos, pwani ya kusini ya Afrika Kusini, na timu ya Christopher Henshilwood, kikatangazwa mwaka 2002, na umri wake ni kama miaka 77,000. Hakuna nyati hapo, hakuna mtu, hakuna jua. Ni mistari.

Sasa ili uelewe kwa nini mistari hiyo imewafanya watu wazima wabishane miaka yote hii, inabidi kwanza utenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna sanaa ya ukutani, ile ya mapangoni na kwenye miamba, na kuna hii ya vitu vya kubebeka: mawe madogo, vibao vya mawe, mifupa, makombe, maganda ya mayai ya mbuni. Ukuta hauendi popote. Ukiingia Fort Jesus hapa Mombasa utaona michoro ya meli inayosemekana iliachwa na wanajeshi wa Kireno, na kwa sababu iko palepale kwenye ngome yao, nusu ya maswali yako ishajibiwa kabla hujauliza: unajua jengo ni la lini, nani alikaa humo, bahari iko upande gani. Jiwe la kubebeka halina bahati hiyo, lilibebwa na aliyelichora, likavunjika, likatupwa, likafukiwa, likachimbwa, likauzwa, likatiwa kwenye boksi, boksi likahamishwa kutoka jiji moja hadi jingine, na wewe leo unalikuta kwenye droo ya makumbusho na kijikaratasi kilichofifia. Kwa hivo kila kitu ambacho ukuta unakwambia bure, hapa inabidi ukitafute kwa jasho.

Na cha kwanza kutafuta sio maana. Hapa ndo watu wengi huteleza, wanakimbilia "hii ilikuwa inamaanisha nini" wakati bado hatujakubaliana kama ni mkono wa binadamu uliofanya kazi hiyo. Ardhi yenyewe inachora. Mizizi ya miti hula uso wa jiwe na kuacha vijinjia vinavyopinda, barafu inapasua, wanyama wakikanyaga jiwe lililolala kwenye mchanga zile chembe za mchanga zinaacha mikwaruzo myembamba inayokwenda kila upande bila mpango, fisi wakitafuna mfupa wanaacha mifereji, na mfupa wenyewe una njia za mishipa ya damu ambazo kwa macho ya haraka utaapa ni za kisu. Hayo yote yashawahi kutangazwa kuwa sanaa na baadaye yakarudishwa nyuma.

Tuseme basi umeshajiridhisha kwamba ni binadamu. Bado. Maana binadamu anaacha mistari kwenye jiwe bila hata kukusudia. Chukua kinoo cha nyumbani, kile ambacho mama ananolea kisu cha kukatia samaki, kigeuze kwenye mwanga uone kilivyojaa mistari, mingine sambamba kabisa, mizuri, imepangika, na hakuna aliyekaa chini akasema leo nachora. Mistari imetoka kwa kazi. Kwa hivo mtaalamu akiletewa jiwe lenye mistari lazima aulize: je, lilikuwa la kukatia nyama juu yake? La kunolea? La kukwangulia ngeu ili apate unga wa rangi? Hili la mwisho ndo gumu zaidi kwa mawe ya ngeu kama ya Blombos, kwa sababu watu walikuwa wakikwangua ngeu kila siku kupata unga, na kukwangua kunaacha mistari.

Wanatofautishaje? Kwa kuangalia mistari ilivyokaa ukilinganisha na umbo la jiwe. Mtu anayetafuta unga anakwangua popote penye unga, anapita palepale mara nyingi, hajali ukingo. Lakini kwenye kile kipande cha Blombos mtu alisugua uso kwanza ukawa tambarare, kisha akachanja mistari iliyokaa ndani ya nafasi aliyoitengeneza, akairudia kwa mpangilio. Huo sio unga, huo ni mpango. Njia hii hii ilitumika pia kwenye kipande cha gumegume, lile jiwe gumu la kutengenezea visu vya kale, kutoka pango la Kiik-Koba huko Crimea, lililokaliwa na Waneanderthali, aina nyingine ya binadamu wa kale, utafiti wake ukatoka mwaka 2018, na watafiti wake hawakuanza kwa kusema "tazameni sanaa", walianza kwa kuorodhesha kila sababu ya kawaida inayoweza kuacha mistari ile wakaipima moja moja mpaka zikaisha. Mimi huo ndo utaratibu ninaouamini. Mtu akianza na neno sanaa kwenye sentensi ya kwanza mimi nakuwa na wasiwasi naye.

Hapo ndo tunaingia kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, kusoma mstari wenyewe. Mstari uliochanjwa una mwili. Ukiutia chini ya hadubini unaona una kuta mbili na sakafu, na kwenye sakafu kuna vimistari vidogo zaidi vilivyoachwa na meno ya kile chombo, iwe ncha ya gumegume au patasi ndogo ya jiwe. Ncha ikichakaa katikati ya kazi vile vimistari vinabadilika. Mkono ukiteleza unaona pale ulipoteleza. Mwanzo wa mstari na mwisho wake havifanani, kwa hivo unaweza kujua mkono ulikwenda upande gani. Na pale mistari miwili inapokatana, ule wa pili unavunja kuta za ule wa kwanza na kuingiza vumbi lake ndani, kwa hivo unajua upi ulitangulia, na ukifanya hivo kila makutano unapata mpangilio mzima wa kazi: alianza hapa, akaenda pale, akamalizia huku. Yaani mtu amekufa makumi ya maelfu ya miaka, jina lake halipo, lugha yake haipo, na wewe unajua mkono wake ulianzia wapi. Sijui kama kuna ushahidi mwingine wa karibu na mtu kama huo.

Kisiwani Jersey, kati ya Uingereza na Ufaransa, kwenye sehemu inaitwa Les Varines, vilipatikana vipande 10 vya mawe yaliyochanjwa, vikachimbwa kati ya 2014 na 2018, na ukivitazama kwa macho tu unaona fujo ya mistari. Hadubini ndo iliyoonyesha kwamba ni kazi ya vyombo vya mawe na kwamba mistari ina utaratibu wake, baadhi ikirudiwa juu ya mingine.

Kifaa kingine muhimu ni mwanga, na hiki hakihitaji hela. Mwanga ukitoka juu moja kwa moja unaua mstari, ukitoka pembeni kabisa, karibu ulale juu ya jiwe, kila mkwaruzo unatupa kivuli na unaonekana. Watafiti wa zamani walizungusha taa kwa mkono. Siku hizi kamera inafungwa imara isitikisike, taa inahamishwa sehemu nyingi kuzunguka jiwe na kila mahali inapigwa picha, alafu kompyuta inaziunganisha picha zote, na wewe ukikaa popote duniani unaweza kuuzungusha mwanga kwenye skrini kama vile jiwe liko mbele yako. Faida yake kwa nchi zetu ni kubwa, jiwe halina haja ya kusafiri.

Umri sasa. Hapa nataka tuelewane vizuri kwa sababu kuna uongo mwingi unazunguka. Jiwe halina umri unaotusaidia. Jiwe la chokaa lilitengenezeka mamilioni ya miaka iliyopita, kwa hivo hata ukilipima unapata umri wa jiwe, sio wa mchoro. Kinachopimwa ni kilichokuwa pamoja nalo: mkaa wa moto uliokuwa tabaka lilelile, ambao kipimo cha kaboni kinafika takriban miaka 50,000 nyuma kisha kinachoka, au chembe za mchanga ambazo zinapimwa ni lini mara ya mwisho ziliona jua, au mawe yaliyoungua motoni. Huko Blombos ilibidi watumie mchanga na mawe yaliyoungua kwa sababu kaboni haifiki huko. Kwa hivo umri wa mchoro unakaa kwenye udongo ulioulalia, na ukilichomoa jiwe ukaenda nalo bila kuandika lilikuwa tabaka gani, umeliacha umri wake shimoni.

Na jambo hili sio la Ulaya na Afrika Kusini peke yake. Ukitoka hapa Mombasa ukashika njia ya Kilifi, huko ndani kwenye vilima vya mawe ya chokaa kuna Panga ya Saidi, pango ambalo watu wamelitumia kwa miaka 78,000. Mwaka 2018 timu iliyofanya kazi na Makumbusho ya Taifa ya Kenya ilitoa ripoti ya shanga za makombe, shanga za maganda ya mayai ya mbuni, mifupa iliyochongwa na ngeu iliyofanyiwa kazi, na mwaka 2021 dunia nzima ikasikia habari ya Mtoto, yule mdogo wa miaka miwili na nusu hadi mitatu aliyezikwa humo miaka kama 78,000 iliyopita, kaburi la kale zaidi la binadamu wa aina yetu linalojulikana Afrika. Vyote hivyo vinaeleweka kwa sababu kila kitu kilitoka kwenye tabaka lililoandikwa. Ndo maana sheria yetu ya makumbusho ya mwaka 2006 inasema ukigundua kitu cha kiakiolojia uwaarifu Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7 na ueleze mahali hasa ulipokikuta. Jamani ukikuta jiwe la mistari shambani usilioshe, usilipake chaki ili mistari ionekane, piga picha lilivyolala, piga na ya eneo lenyewe, alafu toa taarifa.

Kuhusu kuosha nina uchungu kidogo. Makusanyo mengi ya Ulaya yalichimbwa karne ya 19, na mtindo wa enzi ile ulikuwa kusugua kitu kwa brashi mpaka king'ae, kukiandikia namba kwa wino, wakati mwingine kukichukulia umbo lake kwa plasta. Brashi ngumu inaacha mistari yake. Rangi iliyokuwa imebaki ndani ya mchanjo inaondoka na maji. Kwa hivo mtafiti wa leo akifungua boksi kazi yake ya mwanzo ni kutenganisha mkono wa yule wa miaka 15,000 iliyopita na mkono wa karani wa mwaka 1880.

Na kuna mikono mingine mibaya zaidi, ya feki. Mas d'Azil, kusini mwa Ufaransa, Édouard Piette alichimba miaka ya 1887 hadi 1889 akapata vijiwe vya mtoni vimepakwa nukta na mistari ya rangi nyekundu, vikawa maarufu, makumbusho na matajiri wakavitaka, na penye soko panaota bidhaa: uchunguzi wa baadaye ulikuta kwamba baadhi ya vijiwe vilivyosambaa kwenye makusanyo ni vya kughushi. Namna ya kuvikamata ni utandu, ule uso wa uzee unaofunika jiwe. Mchanjo wa kale una utandu sawa na uso uliouzunguka, wa juzi unakata utandu na kuonyesha nyama mpya ya jiwe, na kama ulifanywa kwa chuma umbo la mfereji linakuwa tofauti na la gumegume.

Lakini droo hizohizo za makumbusho zina baraka zake. Mfano mkubwa sio jiwe, ni kombe, ila siwezi kuuacha. Eugène Dubois alichimba Trinil, kisiwani Java, miaka ya 1890, akaleta makombe ya mtoni Uholanzi, yakakaa Leiden zaidi ya miaka 100. Mwaka 2007 mtafiti Stephen Munro akawa anayapiga picha kwa kazi nyingine kabisa, akaona kwenye picha ya kombe moja mstari wa zigizaga. Josephine Joordens na wenzake wakalifanyia kazi mpaka wakachapisha mwaka 2014: umri kati ya miaka 430,000 na 540,000, yaani enzi za Homo erectus, kabla binadamu kama sisi hajatokea, na majaribio yao yalionyesha jino la papa linaweza kuchanja vile. Karne nzima watu wamepita mbele ya boksi hilo!

Ufaransa tena, La Marche, kuanzia 1937 yalipatikana mawe zaidi ya 1,500 yaliyochanjwa, na mtu akiyaona mara ya kwanza anahisi kizunguzungu, maana picha moja imechorwa juu ya nyingine juu ya nyingine, mguu wa farasi unapita kwenye pua ya mtu. Wengine hawakuamini kabisa. Mtafiti Léon Pales alikaa na mawe yale miaka mingi, mstari kwa mstari, akizichomoa sura, na zikatoka nyuso za watu, wana ndevu, wana nywele, kitu ambacho ni adimu sana kwenye michoro ya Enzi ya Barafu. Mimi kwa maoni yangu mawe haya yanatuambia jambo ambalo vitabu vya shule vinalikosa: kwa hawa watu kuchora kulikuwa na thamani kuliko kuuhifadhi mchoro. Angechora, kesho akachora juu yake. Gönnersdorf, Ujerumani, vibao vya mawe vilivyochorwa wanawake na wanyama vilikuwa vimetandikwa sakafuni watu wakivikanyaga. Kwenye pango la Enlène, Ufaransa, vibao vimevunjwa vunjwa.

Ndo sasa tunaweza kuuliza maana, tena kwa adabu. Piette alidhani vijiwe vyake ni mwanzo wa maandishi, haikusimama. Mfupa wa Ishango kutoka Kongo, una miaka kama 20,000 na unakaa Brussels, ushaitwa kalenda, ushaitwa kikokotoo, na kila anayekuja anahesabu alama akapata anachokitaka. Ukiwa na alama za kutosha utapata hesabu yoyote.

Njia inayoleta majibu ya kweli ni kuacha kuuliza "picha hii ni ya nini" ukauliza "jiwe hili lilifanyiwa nini". British Museum ina vibao 50 vya jiwe la chokaa kutoka Montastruc, Ufaransa, vilichimbwa miaka ya 1860, vina farasi na wanyama wengine, vina miaka kama 15,000. Vilikaa muda mrefu vikisifiwa kwa uzuri. Mwaka 2022 watafiti Andy Needham, Izzy Wisher na wenzao wakaacha uzuri wakaangalia kingo: nyingi zina wekundu wa waridi, na jiwe la chokaa linakuwa hivo likipata moto. Wakatengeneza vibao vyao vipya, wakaviunguza kwa namna tofauti, vingine ndani ya moto vingine pembeni, wakalinganisha, na kilichofanana zaidi ni kibao kilichowekwa karibu na moto. Kisha wakatengeneza mfano wa kompyuta wenye mwanga wa moto unaochezacheza, na kwenye mwanga ule mistari ya farasi inatokea na kupotea, wanyama wanaonekana wanatikisika. Kwa hivo taa nyeupe ya kabati la makumbusho, iliyotulia, ndo inayotunyima kuona walichokuwa wakikiona wao.

Na kuna lile la mwaka 2024 kutoka hukohuko Gönnersdorf, ambalo watu wa Likoni na Old Town nadhani watalielewa haraka kuliko maprofesa. Vibao vile vilichimbwa na Gerhard Bosinski tangu 1968, vina miaka kama 15,800, na kwenye baadhi kulikuwa na mistari iliyokatana katana ambayo ilichukuliwa kuwa pambo au fujo. Watafiti wakaizungushia ile picha ya mwanga wa kuhamahama, na chini ya ile mistari wakaona samaki. Samaki kwanza, mistari ya gridi baadaye, juu yake. Mvuvi yeyote ukimuonyesha samaki aliyefunikwa na miraba ya kamba atakwambia huo ni wavu. Nyavu zenyewe za enzi ile zilioza zamani, kamba haidumu ardhini miaka hiyo yote, mifupa ya samaki ilikuwepo ila haikusema walivuliwa vipi, na kwa sasa mchoro huo ndo wa kwanza unaojulikana Ulaya wa watu wa Enzi ya Barafu wakivua kwa wavu, nao ulikuwa kwenye boksi kwa miongo ukisubiri mtu aulete mwanga upande wa pili.